Kuhamia nyumba ya kaunsili: namna ya kupunguza kodi mbili zinazogongana

Anayepata nyumba ya kaunsili (halmashauri ya eneo) au ya shirika la nyumba, hata kama ameisubiri kwa miaka, mara nyingi hupewa siku chache tu za kuiangalia, kusaini na kuchukua funguo. Kule anakotoka bado hajamaliza notisi. Hapo ndipo kodi mbili zinapogongana, na anayetegemea Universal Credit (msaada wa serikali wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo) anaweza kuanza maisha mapya akiwa na deni kwenye nyumba zote mbili. Sehemu kubwa ya deni hilo hutokana na tarehe, na tarehe zinaweza kupangwa kabla ya kusaini. Maelezo haya ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao kuhusu notisi na misaada ya kaunsili.

Kwanza, andika tarehe tatu

Ya kwanza ni siku kipindi chako cha tathmini kinapoisha, yaani ule mwezi ambao Universal Credit huutumia kukokotoa malipo yako. Fungua akaunti yako ya Universal Credit uangalie taarifa ya malipo: kipindi huanza tarehe ileile kila mwezi, na malipo huingia siku saba baada ya kwisha. Ya pili ni siku ya mwisho unayodaiwa kodi kule unakotoka. Ya tatu ni siku mkataba mpya unapoanza, ambayo mara nyingi ni Jumatatu kwa sababu kodi za nyumba hizi kwa kawaida huhesabiwa kwa wiki.

Tarehe ya kwanza ndiyo watu wengi huisahau, nayo ndiyo yenye pesa nyingi zaidi. Universal Credit haigawi mwezi kwa siku. Huangalia unaishi wapi siku kipindi kinapoisha, kisha hukulipia nyumba hiyo kana kwamba ulikuwa humo kipindi kizima. Nyumba ya zamani haipati hata senti kwa kipindi hicho, hata kama ulilala humo siku 27.

Tuchukue mfano. Kipindi chako ni tarehe 9 Juni hadi 8 Julai 2026. Kwa mwenye nyumba binafsi unalipa pauni 900 kwa mwezi, na Universal Credit inakupa pauni 800 za nyumba. Kaunsili inakupa nyumba ya pauni 110 kwa wiki kuanzia Jumatatu tarehe 6 Julai. Pauni 110 mara wiki 52, gawanya kwa miezi 12, ni pauni 476.67 kwa mwezi.

Ukihama tarehe 6 Julai, kipindi chote kitalipwa pauni 476.67. Umepoteza pauni 323.33, ilhali karibu mwezi mzima ulikuwa unadaiwa kodi ile kubwa. Ukihama tarehe 9 Julai, kipindi kilichoisha jana yake kitalipwa pauni 800 kama kawaida, na kipindi kipya kitalipia nyumba mpya kuanzia siku ya kwanza. Siku tatu za tarehe 6, 7 na 8 utazilipa mwenyewe: pauni 47.14 tu.

Hesabu hugeuka pale nyumba mpya inapolipiwa zaidi kuliko ya zamani, kwa mfano unapotoka kwenye chumba cha pauni 350. Hapo kuhama kabla kipindi hakijaisha kunakufaa, maana utapata kiasi kikubwa kwa kipindi kizima. Usikariri kanuni moja. Piga hesabu yako kwa namba zako.

Jambo moja lisichezewe: tarehe ya kuhama ni siku ulipohamia kweli na kuanza kulala kule. Kupokea funguo peke yake si kuishi. Unaruhusiwa kuchagua siku ya kuhama, lakini ukitaja tarehe ya uongo pesa zitadaiwa zirudi, na huenda ukatozwa faini.

Punguza notisi, usiivunje

Tangu tarehe 1 Mei 2026, mpangaji wa nyumba binafsi England anatakiwa kutoa notisi ya miezi miwili, inayoishia mwisho wa kipindi cha kodi. Anayetoka kwenye nyumba ya kaunsili kwenda nyingine kwa kawaida hutoa wiki nne. Miezi miwili ni mingi mno kwa mtu anayeitwa kusaini wiki ijayo, kwa hiyo anza mazungumzo na mwenye nyumba siku ileile unapopata ahadi ya maandishi. Usianze kabla ya hapo. Ahadi za nyumba huondolewa: nyumba hukutwa na hitilafu, ukaguzi wa nyaraka hukwama. Aliyetoa notisi mapema akabaki bila pa kwenda anaweza kuambiwa na kaunsili kwamba amejitakia ukosefu wa makazi, na neno hilo humfungia mlango wa msaada.

Sheria inamruhusu mwenye nyumba kukubali notisi fupi zaidi. Mwandikie hivi: unataja siku unayotaka kutoka, unaahidi kuruhusu wapangaji wapya waje kuangalia nyumba, na unaomba jibu la maandishi kwamba mkataba utakwisha siku hiyo na hakuna kodi itakayodaiwa baada yake. Kama mmepanga wawili, saini za wote zinahitajika. Kwa kodi ya pauni 900 kwa mwezi, kila wiki anayokubali kupunguza ni takriban pauni 207 zinazobaki mfukoni mwako. Akimpata mpangaji mwingine akaingia mapema, hawezi kuendelea kukudai wewe pia.

Kuacha funguo mezani au kuzitumbukiza kwenye sanduku la barua hakumalizi mkataba. Mpaka notisi iishe au mwenye nyumba akubali kuupokea mkataba urudi kwake, kodi inaendelea kuhesabika.

Upande wa pili, muombe afisa wa nyumba mpya asogeze siku ya kuanza. Wengi hukubali wiki moja, hasa kama bado kuna matengenezo: boila haijakaguliwa, kufuli hazijabadilishwa. Kama nyumba haijawa tayari kuishi watu, muulize kwa maandishi kwa nini kodi ianze. Lakini usikatae nyumba kwa sababu ya tarehe. Kwa aliyepokelewa na kaunsili kama mtu asiye na makazi, kukataa ahadi ya mwisho kunaweza kumaliza wajibu wa kaunsili kwake, na hasara hiyo ni kubwa kuliko kodi ya wiki kadhaa.

Kutoa taarifa Universal Credit

Toa taarifa siku unayohama, na kwa vyovyote kabla kipindi cha tathmini hakijaisha. Ukichelewa mpaka kipindi kinachofuata, na mabadiliko yanakuongezea pesa, nyongeza huanza kipindi ulichotoa taarifa. Mwezi uliopita unaweza kukupotea, isipokuwa una sababu nzuri ya kuchelewa. Ukitoa taarifa kabla mkataba haujaanza, mwenye nyumba mpya hataweza kuithibitisha, na kazi itakwama.

Kuwa na barua ya kodi mkononi unapojaza. Andika kiasi kama kilivyo kwenye barua, kwa wiki kama ni kwa wiki. Usigeuze mwenyewe kuwa mwezi. Tenganisha kodi na gharama za huduma, maana usafi wa ngazi na taa za korido hulipiwa, lakini joto, maji na umeme wa ndani ya nyumba yako havilipiwi. Namba zako zikitofautiana na za mwenye nyumba hata kwa pauni moja, malipo yanaweza kucheleweshwa. Kama kodi ya zamani ilikuwa ikipelekwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, uliza kwa maandishi kwenye akaunti yako kama mpango huo umefutwa, pesa zisije zikaenda kwa mtu usiyedaiwa naye tena.

Aliyekuwa kwenye makazi ya muda huku Housing Benefit (msaada wa kodi ya nyumba unaolipwa na kaunsili) ikilipia kodi, asidhani malipo yatamfuata. Housing Benefit huisha anapohama, na sehemu ya nyumba kwenye Universal Credit lazima aiombe upya.

Ukiwa chini ya umri wa pensheni, angalia pia idadi ya vyumba. Chumba kimoja cha kulala kilichozidi hupunguza asilimia 14 ya kodi inayolipiwa. Viwili au zaidi, asilimia 25. Kwa pauni 110 ni pauni 15.40 au 27.50 kila wiki, muda wote utakaoishi humo. Hili ni jambo la kulijua kabla ya kusaini.

Ni nani hulipiwa nyumba mbili kwa wakati mmoja

Kwenye Universal Credit ni wachache. Aliyekimbia ukatili au anayeuogopa, akiwa na nia ya kurudi nyumbani kwake, anaweza kulipiwa zote mbili hadi miezi 12. Mwenye ulemavu aliyelazimika kusubiri nyumba mpya irekebishwe kwa ajili yake anaweza kulipiwa hadi mwezi mmoja, mradi kuna mtu nyumbani anayepokea posho ya ulemavu inayotakiwa. Familia kubwa iliyogawanywa na kaunsili kwenye nyumba mbili nayo imo. Kungoja notisi iishe si mojawapo ya sababu hizo, na wengi huipoteza wiki nzima wakibishana kwenye simu kwa jambo ambalo sheria haina.

Waliofika umri wa pensheni na wanaopata Housing Benefit wana nafasi nzuri zaidi. Kaunsili inaweza kuwalipia nyumba zote mbili hadi wiki nne, mradi wamekwisha kuhamia mpya na hawakuwa na njia ya busara ya kukwepa kodi ya zamani. Lazima uombe, haiji yenyewe. Ambatisha barua ya ahadi inayoonyesha ulipewa siku ngapi, nakala ya notisi, na jibu la mwenye nyumba aliyekataa kuifupisha. Jibu hilo ndilo uthibitisho kwamba hukuwa na njia, na bila hilo maombi mengi hudhoofika.

Pesa za kaunsili za kuziba pengo

Kodi ya zamani isiyolipiwa na yeyote ndiyo ya kuipeleka kaunsili. Msaada huo ulijulikana kama Discretionary Housing Payment. England, tangu Aprili 2026, umeingizwa kwenye mfuko unaoitwa Crisis and Resilience Fund. Unaweza kusaidia kodi iliyogongana, kodi ya kutanguliza na gharama za kuhama. Si haki ya kila mtu, hivyo maombi lazima yaeleze: wiki ngapi, pauni ngapi kila wiki, kwa nini ulilazimika kuhama sasa, na utashindwa kulipa nini usiposaidiwa. Omba kabla ya kuhama. Kama unavuka kwenda kaunsili nyingine, andikia zote mbili, maana kila moja inaweza kukuelekeza kwa mwenzake. Katika barua hiyohiyo uliza kuhusu jiko, kitanda na zulia, kwa sababu nyumba hizi mara nyingi hutolewa zikiwa tupu.

Kuhusu kodi ya kaunsili (Council Tax, ambayo si kodi ya pango), toa taarifa ya tarehe pande zote mbili: punguzo lake hutolewa kwa nyumba unayoishi tu.

Wiki za mwanzo akaunti yako ya kodi mpya itaonyesha deni, kwa kuwa kodi hudaiwa mapema na Universal Credit hulipa mwezi ukishaisha. Katika mfano wetu, malipo ya kwanza ya nyumba mpya yataingia Ijumaa tarehe 14 Agosti, kwa sababu tarehe 15 ni Jumamosi. Mpelekee afisa wa nyumba picha ya taarifa yako ya malipo na tarehe hiyo, ukubaliane naye kiasi kidogo cha kila wiki, hata pauni tano. Ukinyimwa sehemu ya nyumba kwenye Universal Credit, una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya. Kwa Housing Benefit pia ni mwezi mmoja, na huko unaweza kukata rufaa. Kwa mfuko wa kaunsili hakuna mahakama ya rufaa, ila unaweza kuandika kuomba uamuzi upitiwe tena, ukiambatisha karatasi ambayo mara ya kwanza haikuwepo.