Jinsi ya kuandaa maonyesho ya nyaraka za zamani: tunavyofanya maktabani, Kisumu

Maktaba ya chuo chetu ina chumba cha nyaraka ambacho wakaazi wengi wa Kisumu hawajawahi kukikanyaga. Wanadhani ni cha maprofesa. Mimi ni mhifadhi nyaraka, na mara moja kwa mwaka tunazitoa nje ili mji uzione. Naeleza hatua tunazofuata, maana hata maktaba ya kaunti au ya shule inaweza kufanya hivi kwa pesa kidogo.

Hatua ya 1: Tafuta swali

Usianze kwa kupanga vitu kabatini. Anza na swali ambalo familia za hapa zinaweza kulijibu. Mwaka wa maonyesho ya kipande tuliandika mlangoni: "Nani kwenu alikivaa?"

Kipande, kitambulisho cha lazima cha enzi za ukoloni wa Mwingereza hapa Kenya, kilitokana na sheria ya mwaka 1915, kikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kutembea nacho: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoingia kazini na siku aliyoachiliwa, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwajiri asipotia saini ya kukuachilia, huna ruhusa ya kwenda kwingine. Ukitoroka, karatasi hiyo ndiyo inayokusaka. Neno lenyewe halijafa, vijana wa leo bado huita kitambulisho "kipande". Swali la namna hiyo halihitaji mtu awe amesoma historia.

Hatua ya 2: Punguza

Vitu 15 hadi 20 vinatosha chumba kimoja. Kinachobaki, kiache stoo.

Hatua ya 3: Linda kabla ya kuonyesha

Hapa usiharakishe. Mwanga unakula karatasi na wino, na kilicholiwa hakirudi. Zima taa usiku kucha ukitaka, madhara ya jana yatabaki palepale na ya leo yataongezeka juu yake. Kwa karatasi na picha, kiwango kinachokubalika ni luksi 50, yaani mwanga hafifu ambao macho huuzoea baada ya dakika chache. Usiache kitu kabatini zaidi ya miezi mitatu.

Niliwahi kuweka barua ya asili kwenye kabati lililoelekea dirisha la magharibi, upande wa ziwa. Jua la alasiri lilikuwa likiipiga kila siku. Ilikuwa imeandikwa kwa ile penseli ya zambarau iliyotumika sana maofisini zamani, ambayo huchuja ikiguswa na maji na hufifia upesi juani. Tulipoitoa, mistari ya juu ilikuwa imebaki kivuli tu. Bado inaniuma. Tangu siku hiyo, cha wino dhaifu kinaonyeshwa kwa nakala iliyochapishwa vizuri, na tunaandika wazi kwamba ni nakala.

Unyevu wa ziwa nao ni adui. Weka vifuko vya silika, vinavyonyonya unyevu, ndani ya kabati, na kila asubuhi angalia kama kuna ukungu au kinyesi cha mende. Shikilia karatasi kwa pembe za plastiki safi ya poliesta, kamwe si kwa selotepu wala gundi. Usiipeleke karatasi ya zamani kupigwa lamineshoni, hata ukiambiwa ndiyo njia ya kuihifadhi: ule moto na ile gundi haviondoki tena. Kitabu kisifunguliwe hadi kulala, kitengenezee kitanda cha kadibodi kinachokishika kikiwa nusu wazi.

Hatua ya 4: Andika maelezo

Maneno 60 kwa kila kitu, yasizidi. Herufi kubwa, kwa kimo ambacho mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu wanaweza kusoma. Sisi tunaandika kwa Kiswahili, Dholuo na Kiingereza, na maelezo ya Dholuo anayaandika anayekiongea nyumbani, bila kufuata sentensi za Kiingereza.

Picha nyingi za kikoloni zimeandikwa nyuma "Kavirondo", jina ambalo wakoloni waliwaita watu wa upande huu wa ziwa, na basi, kana kwamba waliopigwa hawakuwa na majina. Usilifute neno hilo, ni sehemu ya ushahidi. Linukuu, eleza nani aliyeliandika, kisha chini yake acha mstari mtupu: "Unamjua? Tuambie."

Hatua ya 5: Ruhusa

Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya picha hudumu miaka 50. Lakini hata muda ukiisha, kama familia inajulikana, waendee kwanza.

Hatua ya 6: Siku ya kufungua

Jumamosi, saa nne asubuhi, kabla mvua ya jioni haijakusanyika. Tangaza kwenye redio ya Dholuo, makanisani na msikitini, na kwa wenye maduka sokoni Kibuye. Hotuba moja fupi inatosha.

Na zungumza mapema na askari wa getini. Mwaka ule wazee wawili walirudishwa kwa kukosa kitambulisho. Walikuja kuona kipande, wakafukuzwa kwa kukosa kipande. Niliwafuata hadi stendi ya boda kuwaomba msamaha. Sasa siku hiyo geti huwa wazi, na mtu wetu husimama hapo kukaribisha.

Hatua ya 7: Meza ya familia

Kwangu hii ndiyo roho ya maonyesho. Weka meza, skana na watu wawili wenye subira. Mtu alete picha au karatasi yake, muiskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) mbele yake, kisha arudishiwe mkononi saa ileile. Usibaki na kitu cha mtu "kwa wiki moja tu". Andika anachosimulia kwa maneno yake, atie saini akikubali kitumike.

Mama mmoja alifungua fundo la leso, akatoa kijaluba kilichoshika kutu, kamba bado ikiwa tunduni. Karatasi ilikuwa imegandana ndani. "Mwanangu, fungua nione jina la baba," akaniambia. Nilimweleza kwamba tukiivuta itakatika, inatakiwa kulainishwa polepole kwa unyevu, siku kadhaa. Akafikiri, akakifunga tena, akaenda nacho. Alirejea Jumatano akiwa na mwanawe, wakakaa na kutazama kila siku mpaka ikafunguka. Jina lilisomeka.

Hatua ya 8: Baada ya kufunga

Rudisha vitu stoo, halafu kaa na yale majibu ya ile mistari mitupu. Kila jina liingie kwenye orodha ya maktaba, pamoja na jina la aliyelitaja na tarehe. Kazi hii hutuchukua mwezi mzima.