Kokwa la embe si mfupa, acheni kumtupia mbwa

Msimu wa maembe ukishafunguka Pwani na Tanga, kuanzia Novemba hadi Februari, taarifa za mbwa zinazotufikia maafisa mifugo huwa zinafanana mno. Mbwa anatapika, hataki chakula, amejilaza nyuma ya nyumba, na mwenyewe ana uhakika kwamba wezi wamemtegea sumu. Ukimuuliza swali la pili tu, jambo linajitokeza: juzi jioni watu walikuwa wanakula maembe uani, na makokwa wakamrushia mbwa.

Embe lenyewe halina ubaya. Nyama yake iliyoiva, ikimenywa na kukatwa vizuri, mbwa anaila bila shida. Kinachomuua ni kokwa. Habari za chanjo ya kichaa, dawa za minyoo na kuogesha kupe mnazijua, sitazirudia. Leo tuelewane kwenye hili moja: kokwa halirushwi kwa mbwa. Si zima, si lililonyonywa likabaki jeupe, si nusu yake.

"Mbona anatafuna mifupa na hafi?" Swali hili naulizwa kila msimu. Tumbo la mbwa lina asidi kali, na mfupa mbichi ukikaa humo hulainika kidogo kidogo. (Mifupa ya kuku iliyopikwa ina kesi yake, tutaisikiliza siku nyingine.) Kokwa ni mti. Gamba lake ni ubao mtupu, asidi hailifanyi kitu. Lilivyoingia ndivyo litakavyokaa.

Chukua kokwa la dodo lililokwisha kunyonywa ulitazame vizuri. Ni bapa, limevimba katikati, kingo zake ngumu, na pande zote lina nyuzi zilizosimama kama brashi. Likiwa bado na majimaji ya embe linateleza, ndiyo maana mbwa hulimeza haraka kabla mwenzake hajamnyang'anya. Likishafika ndani, nyuzi zile zinaanza kukusanya kila kinachopita: majani, nywele, maganda, makombo ya ugali. Utumbo mwembamba wa mbwa wetu wa kawaida wa kilo 15 hadi 20 una unene wa kidole gumba hivi. Pigeni hesabu wenyewe.

Wapo wanaojitetea kwamba wao hutoa makokwa madogo tu, ya embe sindano. Huko ndiko kuharibu zaidi. Kokwa kubwa mara nyingi hubaki kwenye mfuko wa chakula. Lile dogo na refu ndilo linalopenya mlango wa tumbo na kwenda kukwama ndani kabisa ya utumbo, mahali ambapo kulifikia ni kwa kisu tu. Na anayesema "mwaka jana alimeza na hakuna kilichotokea" ajue kwamba kuna mbwa hulitapika, kuna mbwa hulitoa na kinyesi, na kuna mbwa hukaa nalo tumboni wiki kadhaa akila kama kawaida, kisha siku moja likasogea na kuziba. Kwa hiyo msitafute sababu katika chakula cha jana peke yake.

Linapoziba, maji na hewa hujaa nyuma yake, mbwa anatapika hata maji aliyokunywa, mwili unakauka. Ukuta wa utumbo uliobanwa hukosa damu, unakufa, unatoboka, na uchafu unamwagika tumboni. Ikifika hapo, hata daktari hodari anapasua huku akiwa na shaka. Dawa ya usingizi na nyuzi za kushonea peke yake zinaweza kukugharimu kuliko debe la maembe ulilokuwa unalifurahia.

Sasa saa, na hapa ndipo wengi mnaponiudhi. Ukimwona mbwa amemeza kokwa, au ukilikosa kokwa mahali ulipoliweka, mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Usingoje dalili. Saa mbili za mwanzo zina nafasi ambazo hazitarudi, kwa sababu kokwa bado liko kwenye mfuko wa chakula. Kama hukumwona akimeza wala hujalikosa kokwa, ila una shaka tu, basi mtazame kwa siku tatu za kwanza kwa makini. Akitapika mara mbili ndani ya saa 12, akikataa milo miwili mfululizo, asipopata choo kwa saa 24 huku anajikamua, au akikaa kwa namna ya kuinamisha kifua chini na kuinua makalio juu, mpeleke. Mkao ule wa kifua chini si kujinyoosha wala si mchezo, ni maumivu ya tumbo.

Mwinue mdomo umwangalie ufizi. Wa kawaida ni wa waridi na una unyevu. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Rangi irudi kabla ya sekunde 2 kwisha. Ikichelewa zaidi ya hapo, au ufizi ukiwa mkavu wa kunata, hilo si la kesho asubuhi. (Kwa mbwa wenye ufizi mweusi, vuta chini kope la jicho, utazame rangi ya ndani.)

Na yale mnayoyafanya mkiwa mnangoja, acheni. Maji ya chumvi ya kumtapisha: chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa, ubongo unavimba, anaanza kutetemeka na kudondoka, na kokwa liko pale pale. Mafuta ya kula kwa kumnywesha kwa nguvu: yanaingia kwenye mapafu. Kumtapisha kwa njia yoyote bila daktari: kokwa lililopita likishuka laweza kunasa likipanda, likakwama kooni au kwenye umio, na hapo umejiongezea ugonjwa. Dawa ya kumharisha aliyobaki nayo jirani: unausukuma utumbo uliozibwa. Ugali mwingi "ulisindikize" kokwa: huo nao utarudi kwa kutapika. Asipewe chochote kwa mdomo mpaka daktari aseme.

Kwenye mashamba ya maembe hatari ni kubwa kuliko uani, kwa sababu hakuna anayemrushia. Mbwa wa ulinzi anafunguliwa usiku, mwembe unadondosha usiku, na asubuhi hakuna anayejua ameokota nini. Fanyeni hivi. Saa 11 jioni, kabla ya kumfungua mbwa, mtu mmoja apite chini ya miembe na ndoo yenye mfuniko, aokote maembe yote yaliyodondoka na makokwa yote. Saa 12 asubuhi apite tena. Makokwa na maembe mabovu yafukiwe kwenye shimo la kina cha sentimita 60, na juu yake iwe udongo usiopungua sentimita 30, ushindiliwe kwa miguu. Shimo la sentimita 20 lililofunikwa na majani ya migomba ni sawa na kumwandalia sahani. Nimeyaona mashimo ya namna hiyo mengi mno, na pembeni yake nyayo za mbwa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye mashamba hawapendi kuambiwa. Mbwa anayepewa konzi moja ya ugali mkavu saa 4 usiku atameza kokwa, kiatu na gunzi. Apewe mlo wake kamili kabla ya kufunguliwa, saa 12 jioni, ugali na dagaa au mabaki ya nyama, mpaka ashibe. Hapo nusu ya kazi ya kuokota itakuwa imefanyika.

Embe lililochacha chini ya mwembe nalo lina yake. Sukari imegeuka pombe, na mbwa akila ya kutosha anapepesuka, anatapika, mwili unapoa. Watu husimama wakicheka. Pombe humwumiza mbwa haraka kuliko mtu, na akilala katika hali hiyo akitapika anaweza kupaliwa. Ukimkuta anayumba msimu wa maembe, mweke mahali pakavu, alale kwa ubavu, na piga simu.

Ukitaka kumpa embe kwa usalama, kuna vipimo. Osha, menya ganda lote. Mwembe na mkorosho ni jamii moja, na ganda la embe lina utomvu unaowasha midomo kama mnavyoujua wenyewe, mbali na kwamba halisagiki. Kata mashavu mawili ya embe ukiacha nusu sentimita kutoka kwenye kokwa, ili nyuzi zibaki huko. Usimpe alambe kokwa ukiwa umelishika mkononi. Mkono utateleza. Kata nyama vipande vya sentimita moja kwa mbwa mdogo, moja na nusu kwa mkubwa.

Kiasi: matunda na vitamutamu vyote kwa pamoja visizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata kwenye chakula cha siku. Kikombe cha mililita 250 kikijaa vipande vya embe huwa na gramu 165 hivi. Mbwa wa kilo 5 apewe robo kikombe. Wa kilo 15, robo tatu. Wa kilo 25, kikombe kimoja. Hicho ni kiwango cha juu cha siku, wala si cha kila siku, na mara mbili kwa wiki zinatosha. Siku ya kwanza kabisa mpe vipande viwili tu, kisha ngoja saa 24 uone kinyesi. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu, mwache na chakula chake. Mwenye kisukari au aliyenenepa kupita kiasi, asipewe kabisa. Embe bichi la chumvi na pilipili, achari, juisi na maembe makavu ya sukari ni ya watu. Achari nyingi zina vitunguu saumu, na vitunguu vya aina zote huharibu damu ya mbwa.

Mkifuata haya mbwa anakula vizuri na kinyesi chake kinakuwa kama kawaida, basi.

Makokwa mengine yanaingia kwenye onyo hili hili. Embe ng'ong'o ni dogo lakini kokwa lake lina miiba migumu, na watoto wanaokula ng'ong'o njiani hulitema popote. Parachichi la Njombe au Murang'a lina kokwa la mviringo linalokaa kooni kama kizibo, na nyama yake ina mafuta mengi yanayoweza kuchokoza kongosho, kwa hiyo msimzoeze. Stafeli na topetope mbegu zake zina sumu, zitolewe zote. Ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo ni afadhali asipewe. Papai litolewe mbegu, nanasi litolewe ganda, taji na moyo, ndizi na tikiti maji bila maganda.

Matatu hayana kipimo salama, msiyape hata kidogo. Zabibu, mbichi au kavu, huangusha figo za mbwa, na idadi ndogo tu yaweza kutosha. Wa Dodoma mnisikilize, kufunga mbwa chini ya chanja ya mizabibu wakati wa mavuno ni kumtafutia kifo. Ukwaju ni wa kundi hilo hilo, kwa kuwa una asidi ya tataria kama zabibu, na imeonekana mbwa waliokula ukwaju wakipata ugonjwa ule ule wa figo. Maganda ya ukwaju uliokamuliwa kwa juisi yasimwagwe uani. La tatu ni makadamia, zile njugu ngumu, ambazo kandokando ya Mlima Kenya, kule Embu na Meru, hulimwa sana: ndani ya saa 12 miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka, anapata homa. Wengi hupona kwa siku moja au mbili, lakini daktari aambiwe.

Unapokwenda kwa daktari, mwondolee maswali ya kumpotezea muda. Mwambie uzito wa mbwa, saa aliyomeza au saa ya mwisho ulipomwona mzima, mara alizotapika na rangi ya matapishi, na siku aliyopata choo cha mwisho. Mtajie aina ya embe, na umletee kokwa jingine la aina hiyo hiyo. Mfupa huonekana kwenye eksirei, lakini kokwa mara nyingi halionekani wazi, na daktari anayelijua umbo analolitafuta hupima tumbo kwa vidole au kwa altrasaundi akiwa na mwelekeo. Si kila kituo cha mifugo kinaweza kupasua tumbo. Ulizeni mapema, kabla msimu haujaanza, ni daktari gani wa karibu anayefanya upasuaji wa mbwa. Kwa walio karibu na Morogoro ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na kwa wa Nairobi kliniki ya chuo kikuu kule Kabete. Andikeni namba ya simu mlangoni pa stoo, na mlinzi wa usiku naye awe nayo.