Namna ya kuomba ruzuku ndogo bila kikundi kuvunjika

Nimekuwa mhazini wa kikundi cha usafi Temeke, Dar es Salaam, kwa miaka tisa. Tuko kumi na wanne. Tunazoa taka kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti, tunazivuta kwa guta hadi mahali pa kukusanyia, na kila kaya inatulipa kidogo kwa mwezi. Ruzuku tumepata mara tatu, tumenyimwa mara tano. Haya ninayoyaandika nimejifunza zaidi kwenye zile tano.

Hatua ya 1: Jueni mnaomba pesa ya aina gani

Nasikia watu wakisema "pesa za halmashauri" kama vile zote ni mamoja. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Haina riba, lakini inarudishwa. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejea 2024, na anayeichukua akidhani ni zawadi atakuja kutafutwa. TASAF nayo, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanza mwaka 2000, inalenga kaya maskini. Huko huandiki andiko la kuomba pesa, jina lako linapita kwenye mkutano wa mtaa.

Ruzuku hamuirudishi. Mnachorudisha ni ushahidi kwamba mlifanya mlichosema. Kuna Foundation for Civil Society, inayotoa ruzuku kwa asasi za hapa nchini. Kuna mfuko wa ruzuku ndogo wa GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanza 1992 na kusimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kuna ubalozi wa Japani, ambao hupenda kitu kinachoshikika kama darasa, kisima au vifaa vya zahanati, na haulipi mishahara. Someni masharti kabla ya kuota. Sisi tuliwahi kumwomba mfadhili wa majengo atulipie posho, tukapoteza mwezi mzima bure.

Hatua ya 2: Tengenezeni karatasi kabla tangazo halijatoka

Matangazo mengi yanakupa wiki tatu au nne, na usajili peke yake unaweza kuzimaliza. Anzeni kwa mjumbe, kisha serikali ya mtaa iwape barua ya utambulisho, halafu afisa maendeleo ya jamii wa kata, yeye atawaelekeza halmashauri. Mtatakiwa kuwa na katiba, orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao chenye sahihi za waliohudhuria, na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Watia saini wawe watatu, na pesa isitoke bila wawili. Mkiwa mume na mke kwenye kikundi kimoja, msiwe watia saini wote wawili. Najua mnaaminiana, lakini majirani hawatawaelewa.

Jina la kikundi lifanane herufi kwa herufi kila mahali. Cheti chetu kilikuwa na neno moja ambalo benki haikuliandika, basi malipo ya kwanza yakakwama wiki sita huku tukipishana kwenye foleni.

Wapo wafadhili wanaotaka shirika lililosajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, hawakubali cheti cha halmashauri. Hapo tafuteni shirika mnalolifahamu liwabebe, na mwandikishane kabisa nani anashika pesa na nani anashika kazi.

Hatua ya 3: Ombeni kitu kimoja ambacho kazi yenyewe inakidai

Andiko letu la kwanza liliomba lori, ofisi, semina ya siku nne na tisheti zenye nembo. Nikilisoma leo nacheka. Aliyelisoma hakuona kikundi, aliona ndoto za watu kumi na wanne zimebanwa kwenye kurasa kumi.

Mara ya pili tulikaa chini ya mwembe tukajiuliza swali moja tu: ni nini kinachotuchelewesha kila siku? Jibu lilikuwa maguta. Tulikuwa nayo mawili, watu wanasubiriana, taka za Jumatatu zinaondoka Jumatano, kaya zinagoma kulipa, na kwa kuwa hazilipi hatuna pesa ya kuongeza guta. Tumezunguka hapo miaka miwili. Tukaomba maguta mawili, gambuti, glavu na reki. Basi.

Pesa ndogo inafanya kazi kubwa pale inapoingia kwenye kitu kinachotembea tayari. Maguta manne yaliwapa wanachama njia zao, kila mmoja na mtaa wake, na malipo ya kaya yakaanza kuja bila kubembeleza. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akimshikia fundi vyuma wakati wa kutengeneza maguta akajifunza kuchomelea. Sasa ana kibanda chake na anatengeneza mageti ya watu. Mama lishe wa pale kona, ambaye hata si mwanachama, anasema wateja wa mchana wameongezeka tangu lile jalala la nyuma ya banda lake liondoke. Na masika, ule mtaro uliokuwa ukiziba kwa chupa na kumwaga maji ndani ya vyumba vya wapangaji unapitisha. Hayo yote hayakuwa kwenye andiko. Yaandikeni kwenye ripoti.

Hatua ya 4: Bajeti itoke dukani, si kichwani

Nendeni Gerezani na Kariakoo kwa miguu. Ulizeni bei kwa mafundi watatu, ombeni profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, zenye mhuri, kisha ndipo mkae na kikokotoo. Bajeti yetu ya pili iliishia kwenye shilingi 4,870,000. Mwenzangu alitaka tuiite milioni tano "ikae vizuri". Nilikataa. Namba iliyonyooka mno humfanya msomaji ajiulize mliipata wapi, wakati yenye elfu sabini za pembeni inaonyesha mliuliza bei.

Watu husahau gharama nne: usafiri wa kubeba vifaa, makato ya benki, matengenezo ya miezi ya mwanzo, na kuchapisha ripoti. Wekeni zote. Na mchango wenu uonekane. Kama mwanachama anatoa uwanja wa kulaza maguta bure, andikeni uwanja huo ungekodishwa kwa kiasi gani. Msitie chumvi, maana mkaguzi akija ataulizia bei kwa jirani.

Hatua ya 5: Andiko

Fupi. Mko wangapi, mnahudumia kaya ngapi leo, kizuizi ni nini, mtanunua nini, na baada ya miezi sita mtahudumia kaya ngapi. Kama Kiswahili kinakubalika, andikeni Kiswahili. Msinakili maneno makubwa ya maandiko ya watu wengine. Siku ya mahojiano mtaulizwa maana yake.

Hatua ya 6: Siku pesa inapoingia

Hapa ndipo vikundi hufa. Taarifa ya milioni nne inatembea mtaani haraka kuliko bodaboda, na jioni hiyo hiyo kila mtu ana shida yake. Itisheni kikao kabla ya kutoa hata shilingi. Someni bajeti kwa sauti, mstari kwa mstari, na bandikeni nakala mahali wanachama wanapokutana. Atakayeuliza posho mwonyesheni ukutani.

Wekeni na kanuni za vifaa. Sisi tulichelewa, mwenzetu akabebea matofali guta jipya kwenye ujenzi wa shemeji yake, gurudumu likapinda. Hakuna aliyekuwa na kosa, maana hatukuwa tumekatazana. Siku hizi guta linasainiwa likitoka na likirudi.

Risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi, kwa kila kitu, bila mjadala. Nilinunua glavu kwa machinga kwa sababu bei ilikuwa nzuri, mfadhili akazikataa shilingi 86,000, tukachanga mifukoni mwetu. Wazee walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi huandika siku hiyo hiyo, kabla ya kula.

Hatua ya 7: Ripoti

Pigeni picha kabla hamjaanza. Hii tuliisahau mara ya kwanza, tukawa na picha nzuri za uchochoro safi na hakuna wa kuamini kwamba uliwahi kuwa mchafu. Sasa nasimama pale pale kwenye nguzo ile ile ya umeme, kabla na baada.

Kilichoharibika kisemeni. Lile gurudumu tuliliandika, pamoja na gharama ya kulinyoosha na ile kanuni mpya ya kusaini. Ruzuku ya tatu tuliipata kwa mfadhili yule yule, na swali la kwanza alilotuuliza kwenye mahojiano lilikuwa kama daftari la kusaini maguta bado lipo. Lilikuwa kwenye mkoba wangu.