Ukienda kutembea Usambara, kata kucha kwanza

Wengi wanaokuja kutembea milima ya Lushoto huhofia kupanda. Kinachoumiza ni kushuka. Udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na kila hatua kidole gumba kinagonga ncha ya kiatu. Safari yangu ya kwanza nilirudi na kucha mbili nyeusi, baadaye zikang'oka zenyewe. Siku hizi nazikata jana yake, na kabla ya mteremko nasimama, nakaza kamba za viatu pale kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele. Viatu vipya viache nyumbani.

Toka saa 1 asubuhi. Jua huzama kwenye saa 12:30 jioni, lakini chini ya miti giza huwahi zaidi. Beba tochi, maana simu ukiigeuza tochi itazima chaji saa ile ile unayotaka kupiga. Mwenyeji wako ajue unaelekea wapi na utarudi saa ngapi.

Siafu je? Suruali ndani ya soksi. Ukiona mstari mweusi umekatiza njia, ruka, picha utapiga ukiwa ng'ambo.

Ukipotea, muulize mama aliyebeba kuni. Shikamoo kwanza, njia baadaye. Ila usimuulize kama ni mbali, utaambiwa "hapo tu", na hapo tu ya huku inaweza kuwa vilima viwili. Uliza ni mwendo wa saa ngapi, kisha ongeza nusu yake.