Kuchora skrini ya simu kwa ajili ya mnada wa samaki

Ukitaka kujifunza kubuni kiolesura, yaani kile mtu anachokiona na kukigusa kwenye skrini, acha kompyuta nyumbani. Nenda soko la samaki Bagamoyo ukaangalie mnada. Siku ya kwanza usichore kitu. Andika tu dalali anataja nini kwanza na nini mwisho, na mwenye daftari anaandika nini. Mpangilio huo ndio skrini yako itakaoufuata.

Kisha kata karatasi za sentimita 7 kwa 15, ukubwa wa simu. Kila karatasi ibebe swali moja: samaki gani, ndoo au kilo, bei, mnunuzi. Kitufe kisipungue sentimita 1 kila upande, maana kidole chenye maji na magamba hakilengi vizuri. Maandishi yawe meusi juu ya weupe. Kijivu hafifu hupotea kabisa kwenye jua la ufukweni.

Penye bei, tenga maelfu kwa mkato na uandike kiasi kwa maneno chini yake: 45,000, elfu arobaini na tano. Sifuri moja ikidondoka, macho huenda yasiione, lakini maneno yataisema.

Saa ndiyo inayowaangusha wengi. Ukiandika “Mnada 10:00”, simu inamaanisha saa nne asubuhi, ila msomaji atasoma saa kumi, naye atafika jioni samaki wamekwisha. Punguza au ongeza 6, kisha andika kamili: “saa 4 asubuhi”. Neno asubuhi au jioni lisikosekane.

Sasa jaribu kwa watu 5, mmoja mmoja, mnada ukishaisha na watu wamekaa kivulini. Amkia kwanza, kisha sema: “Kinachojaribiwa ni karatasi, si wewe, mzee.” Mpe kazi: “Uza ndoo hii ya vibua kwa elfu arobaini na tano.” Anapogusa kitufe, mwenzako abadilishe karatasi kama simu ingefanya. Wewe nyamaza. Hapo ndipo pagumu: kidole kikisita, mdomo unawasha. Ukielekeza, umejaribu maelezo yako, skrini haijajaribiwa. Andika kidole kilisita wapi.

Usiulize “Umeipenda?” Watu wa pwani wana adabu, watakujibu nzuri. Uliza: “Ukigusa hapa, unadhani kitatokea nini?”

Wawili wakikwama mahali pamoja, chora upya palepale kabla ya kumwita wa tatu. Kompyuta ifunguliwe pale watu wapya 5 watakapomaliza mauzo bila kukuuliza neno.