Jinsi ya kumchagua mtoto wa Labrador wa kutafuta pembe za kulungu

Jumamosi iliyopita nilishinda na rafiki yangu kwa mfugaji mmoja, tumekaa chini kwenye nyasi, watoto tisa wa mbwa wakitupanda miguuni. Kila baada ya dakika mbili ananiuliza, "Kaka, huyu je?" Jioni tuliondoka na jike mmoja mweusi, na njiani akaniomba nimwandikie yale yote niliyokuwa nikiyaangalia. Ndiyo haya.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kulungu na elki (jamii ya kulungu wakubwa) wa Amerika Kaskazini hudondosha pembe kila mwaka. Hizi si kama pembe za ng'ombe au swala, ambazo mnyama hubaki nazo maisha yote. Ni mfupa mtupu. Msimu wa kupandana ukiisha, homoni za dume hushuka, mfupa unalika pale pembe iliposhikana na fuvu, kisha pembe inaanguka. Kulungu wenye mkia mweupe wengi huzidondosha kati ya Januari na Machi, elki zaidi Machi na Aprili. Mtu anazitafuta kwa macho. Mbwa anazitafuta kwa macho na pua, na huiibua pembe iliyozama kwenye majani makavu hatua tatu kutoka mahali ulipokwisha kupita.

Hatua ya 1: Hesabu miezi

Mtoto wa mbwa huondoka kwa mama akiwa na wiki 8 hivi. Aliyezaliwa masika au mwanzo wa kiangazi atakuwa na miezi minane au kumi msimu ukifika. Hapo anaweza matembezi mafupi, si zaidi, kwa sababu mifupa yake bado inakua. Angalia pia sheria ya jimbo lako. Colorado, kwa mfano, hairuhusu kuokota pembe kwenye ardhi ya umma magharibi ya barabara kuu ya I-25 kuanzia Januari 1 hadi Aprili 30, ili wanyama waliodhoofika kwa baridi wasisumbuliwe.

Hatua ya 2: Ukoo wa kazi

Labrador wako wa aina mbili: wa maonyesho, wazito na wenye kifua kipana, na wa kazi, wembamba na wenye miguu mirefu kidogo. Chukua wa kazi. Ila usikimbilie ukoo wenye hamu kali ya kazi kuliko wote kwa kuwa baba ana vikombe vingi. Mbwa wa pembe anatembea katikati ya kulungu walio hai, wenye njaa, mwisho wa baridi kali. Akiwa na hamu kali kiasi cha kutokusikia, atawafukuza, na mnyama aliyeishiwa mafuta anaweza kufa kwa mbio hizo. Mimi namtaka mbwa anayegeuka kuniangalia.

Hatua ya 3: Vyeti vya wazazi

Usimwangalie mtoto hata mmoja kabla ya kuona karatasi, maana ukishamshika mkononi hutasoma tena kitu.

Nyonga na viwiko: wazazi wote wawili wawe wamepigwa eksirei na kupimwa. OFA, taasisi ya Marekani inayokagua picha hizo, haitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Kwa hiyo ukiambiwa mama ana mwaka mmoja na nusu na "nyonga zake zimethibitishwa", omba maelezo. Matokeo mengi yako wazi kwenye tovuti yao. Chukua jina kamili la mbwa lililosajiliwa, tafuta mwenyewe.

Kipimo cha pili ni cha vinasaba, cha EIC. Ni ugonjwa wa kuishiwa nguvu baada ya mazoezi makali. Mbwa anaonekana mzima kabisa, anakimbia dakika tano au kumi na tano, kisha miguu ya nyuma inalegea na kuanza kuburuta. Wengi hupata nafuu ndani ya nusu saa, wengine hufa. Mtoto huugua akirithi kasoro kutoka pande zote mbili. Hii maana yake ni kwamba mzazi mmoja akiwa safi kabisa, hakuna mtoto atakayeugua, hata kama mwenzake ni mbebaji, yaani ana kasoro hiyo kutoka upande mmoja tu. Usimkatae mbebaji kwa woga. Mkatae mfugaji ambaye hajapima.

Macho nayo yawe na cheti cha daktari.

Hatua ya 4: Mama

Kaa naye robo saa. Akikuogopa, ondoka.

Hatua ya 5: Jaribio

Hapa ndipo nilipopoteza miezi, kwa hiyo nivumilie.

Mbwa wangu wa kwanza wa kazi hii nilimchagua saa nne asubuhi. Wenzake wote walikuwa wamelala rundo moja, yeye peke yake akanijia mbio, akauma kamba ya kiatu na kuivuta. Nikasema huyu ana moyo. Ilinichukua muda kuelewa nilichokiona siku ile: wenzake walikuwa wametoka kula wakashiba, yeye alikuwa amesukumwa kwenye sinia na alikuwa na njaa. Nyumbani, akishashiba, hakuna kitu nilichorusha alichokifuata. Nilihangaika naye miezi miwili. Alikuwa mbwa mpole wa kukaa na watoto, na ndivyo alivyoishi.

Kwa hiyo kwanza muulize mfugaji wamekula saa ngapi. Mimi hupima saa mbili baada ya chakula, wakiwa wameamka wenyewe. Siku ya chanjo wala kesho yake usipime.

Pili, mmoja mmoja, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, mbali na mama na ndugu zake. Wakiwa pamoja, anayeshika kitu ni yule anayewaonea wenzake, na utadhani umeona hamu ya kazi.

Tatu, kitu cha kurusha. Ninachokiamini ni roli ndogo ya kupakia rangi, mpya, ya manyoya. Ni laini, inaenea mdomoni, na haibingiriki mbali. Wapo wanaorusha kipande cha pembe halisi, sikubaliani nao. Ncha ikimchoma kwenye ufizi siku ile, umemfundisha kuiogopa pembe kabla hujaanza. Tena kila mtoto apewe roli yake safi. Ukitumia moja kwa wote, wa tano atafuata mate ya ndugu zake, na utaandika kwenye daftari kwamba ana pua nzuri.

Sasa rusha hatua mbili mbele yake, chini chini, na unyamaze. Tazama mambo matatu kwa mpangilio: je, anaifuata? Akiifikia anaitia mdomoni au anainusa tu? Akiishika anaondoka nayo kwenda kona, au anakuja upande wako hata kwa kupinda pinda? Rudia mara tatu, basi. Ya nne atakuwa amechoka.

Kisha fanya kile ambacho kwangu ndicho jaribio lenyewe. Mwonyeshe roli, irushe kwenye nyasi ndefu ambako haionekani. Anza kuhesabu kimya kimya. Wengi hukimbia, hawaoni kitu, hugeuka na kufuata kipepeo. Siku ya Jumamosi wanane walifanya hivyo kabla sijafika kumi. Yule jike mweusi alipofika pale na kukosa, alisimama, akainua pua, akazunguka duara dogo, akarudi alipoanzia, akazunguka duara kubwa zaidi. Mkia ulikuwa unatikisika kwa ncha tu. Nilifika ishirini na sita alipochomoa roli kutoka chini ya kichaka, nyasi zimemkaa usoni. Rafiki yangu alitaka kupiga kelele, nikamshika mkono.

Pua Labrador wote wanayo ya kutosha. Kinachotofautiana ni kuendelea kutafuta kitu kinapopotea, na kazi ya pembe ni hiyo tu: kutembea saa tatu bila kupata kitu na bado kuitaka.

Mwisho, dondosha bakuli la bati nyuma yake. Kushtuka si kosa. Angalia kama anarudi kulichunguza.

Hata hivyo, jaribio la umri huu mdogo si utabiri. Mtoto hubadilika sana, na matokeo ya siku moja yanadanganya. Ukiweza, rudi baada ya siku mbili tatu, saa tofauti. Na jaribio likigongana na ukoo, yaani mtoto mmoja amefanya vizuri lakini wazazi hawana hamu ya kazi, mimi naamini ukoo.

Hatua ya 6: Jinsia na rangi

Dume au jike, sawa tu. Rangi haitafuti pembe. Nyongeza moja: utafiti wa Labrador wa Uingereza uliochapishwa 2018 ulionyesha wale wa kahawia waliishi muda mfupi zaidi, wastani wa miaka 10.7 dhidi ya 12.1 kwa weusi na wa manjano, na walisumbuliwa zaidi na masikio na ngozi.

Hatua ya 7: Pembe ya kwanza

Usimpe pembe ya kutafuna. Narudia, kwa sababu maduka yanaziuza kwa kazi hiyo hiyo. Ni ngumu mno kwa jino, na magego ya mbwa hupasuka. Na hata jino likipona, umemfundisha kwamba akiipata pembe alale chini aitafune, wakati unataka akuletee. Mpaka meno ya utotoni yaishe kutoka, karibu miezi sita au saba, tumia pembe ya bandia ya mpira laini. Ishike kwa glavu zisizo na harufu ya mikono yako, icheze naye dakika tatu, kisha iweke juu ya kabati asipoifikia, angali bado anaitaka.