Taa ya ndani ya gari haiwaki? Anza na mlango

Wenye Toyota za zamani hapa Tabora, kabla hujamruhusu fundi ashushe dari, fanya hivi kwanza.

Angalia swichi ya taa yenyewe. Ina sehemu tatu: ON, DOOR (iwake mlango ukifunguliwa) na OFF. Mtoto akiichezea ikabaki OFF, utafungua mlango mpaka uchoke. Ikiwaka kwenye ON lakini si kwenye DOOR, balbu na fyuzi ni nzima. Mbaya ni kile kitufe cha kwenye fremu ya mlango. Vumbi letu la kiangazi hujaa humo, masika nayo inaleta kutu. Fungua skrubu yake, kivute taratibu (waya usije ukatumbukia ndani, utajuta), kisha gusisha waya huo kwenye bodi. Taa ikiwaka, safisha kitufe kwa msasa laini, hata pale skrubu inaposhika bodi, maana ndipo kinapopata ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi.

Isipowaka hata kwenye ON, tazama fyuzi iliyoandikwa DOME. Magari mengi redio hutumia fyuzi hiyohiyo, kwa hiyo vyote viwili vikifa pamoja jibu unalo. Balbu ibaki ya mwisho. Chomoa fyuzi kabla ya kubandua kioo cha taa kwa bisibisi, usije ukapiga shoti. Ukiweka ya LED ikagoma, igeuze. Ina chanya na hasi.

Na fyuzi ikiungua tena na tena, usifunge waya mahali pake. Hapo mpelekee fundi umeme.